Mwaka Zilipopimwa Pembe

Nyinyi wajukuu zangu, na nyinyi wa jirani mnaokuja kula halua yangu na kunirekodi kwa simu bila ya ruhusa, haya nimeyaandika kwa mkono wangu. Skuli sikusoma sana. Nilifika Oman msichana mkubwa, nikaona haya kukaa darasani na vitoto, na Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kusalia tu, hakinunui hata chumvi. Basi msitafute humu maneno ya vitabu. Someni mkae kimya, na asiyelijua neno amuulize mama yake. Mama yake naye akiwa halijui, hiyo ndiyo hasara ninayoipigia kelele kila siku.

Eda ya babu yenu Khalfani nimeikaa katika chumba cha uani, kile chenye dirisha la buluu. Mwenye eda hatoki, macho yake ndiyo yanayofanya kazi ya miguu. Na macho yangu hayakuwa na pa kwenda ila juu ya kabati, kwa sababu baba zenu waliamua kuipaka rangi majilisi baada ya matanga, wakazitungua zile pembe za paa zilizokuwa juu ya mlango wa chumba kile cha wageni tangu sijazaa, wakaniletea mie zisije zikarukiwa na chokaa. Nikifungua macho asubuhi, pembe. Nikitoa salamu ya mwisho ya sala, pembe. Fuvu dogo jeupe, na pembe mbili nyeusi zenye mapete, ncha zimepinda kidogo tu. Mara ya mwisho kuziona karibu namna hii nilikuwa bibi harusi, na nilikuwa nazichukia.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza, na nyumba hii upande wa mitende ilikuwa bado ina kuta za udongo. Babu yenu alikuwa dereva wa kampuni moja Maskati. Siku zile mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Anafika Jumatano magharibi, Ijumaa alasiri anaondoka, na barabara ya Ibra haikuwa hii mnayoruka nayo sasa. Watu wakiniuliza umeolewa na nani, mdomoni namtaja Khalfani, moyoni nasema nimeolewa na Alhamisi. Alhamisi nyumba ilikuwa na sauti. Mama mkwe wangu, Bi Zuwena, alikuwa akianza kukaanga vitunguu vya pilau mapema mpaka harufu inawafikia wapita njia, na babu yenu anakuja kusimama mlangoni mwa jiko kujidai anatafuta maji, na mama yake anamwambia maji yako kwenye mtungi, huyo unayemtafuta ana kazi. Siku nyingine ni wali na papa mkavu, na kijiko kinasikika kikigonga sahani. Jumamosi nilikuwa natandika kitanda upande mmoja, upande wa pili nauacha na mikunjo yake. Sikumwambia mtu. Enzi zetu mkaza mwana hasemi kuwa anamtaka mumewe. Anaosha vyombo.

Ndipo ikaja habari ya pembe. Uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku zamani, lakini majilisi nyingi za huku zilikuwa na pembe za kabla ya marufuku, na serikali ilikuwa inataka kujua paa wakubwa walikuwa wakikaa wapi, na inataka wazee wa uwindaji wawe upande wake. Ikatangazwa msikitini na sokoni: kila mwindaji wa zamani alete pembe zake kwa liwali, zitapimwa mbele ya watu, na mwenye pembe kubwa kuliko zote atatukuzwa, na atamtoa mtoto wake mmoja awe mlinzi wa wanyama, mshahara wa serikali na gari ya serikali, kazi hapa hapa mkoani kwetu, Sharqiyah. Bi Zuwena alisikia hayo akaweka mwiko chini. "Basi Khalfani anarudi," alisema. Mie niliinuka nikaviosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Hakuna aliyekuwa na shaka na pembe za Bwana Sefu, baba mkwe wangu. Waliokuja kunywa kahawa walikuwa wakizitazama kwa wivu. Shaka yao ilikuwa kwake yeye. Bwana Sefu alizaliwa huku huku, Al Qabil, akaenda Afrika kijana, Zanzibar kisha Tabora, akarudi ana mvi. Tabora walimwita Mwarabu, hapa wakamwita Zinjibari. Aliyempiga kijembe kuliko wote alikuwa sahibu yake, Hamdani, Bedui wa upande wa Bidiya, mwembamba kama kijiti cha mswaki, aliyekuwa akija kila asubuhi kwa kahawa yetu na tende zetu. Mie nikipenya na sinia nawasikia. Hamdani anasema pembe zile Zinjibari kazinunua sokoni Mutrah, kabadilishana na papa. Bwana Sefu anajibu kwa upole kuwa ni kweli, na muuzaji alikuwa Hamdani mwenyewe, alikuwa anazizungusha sokoni na hakuna anayezitaka. Wanacheka mpaka wanakohoa. Wawili hao ndio waliokwenda kumwinda paa yule, mwaka aliorudi Bwana Sefu, na kwa sheria ya wawindaji wa huku pembe ni za aliyemtoa mnyama damu ya mwanzo, nyama ni ya kila mtu. Risasi ya mwanzo ilikuwa ya Zinjibari.

Sasa lazima niwaeleze jambo, kwa sababu nyinyi mnadhani ushahidi ni picha. Wawindaji wa huku wanasema pembe isiyokuwa na habari yake ni pembe ya dukani. Mwenye pembe anasimama mbele ya watu, anaieleza safari yake hatua kwa hatua: ametoka wapi, amelala chini ya mti gani, amekuta nyayo wapi, mnyama kaanguka wapi. Kila pahala anapopataja, wanaopajua wanaitikia "naam". Akifika mwisho na naam hazikukatika, pembe ni zake na hakuna wa kumpinga mpaka Kiyama. Watu wa ofisi ya wanyama walilijua hilo wakalikubali, ndiyo ikawa sharti: pembe zipimwe, na habari itolewe yote.

Wiki ile ya kupimwa Bi Zuwena aliona haya kupeleka pembe zina moshi na vumbi la miaka mbele ya liwali. Kwa Mzanzibari kitu kinachotoka nyumbani kinatoka kimeoga. Tukazitungua, tukalichovya fuvu zima kwenye sufuria la maji ya moto na sabuni. Hatujui kuwa pembe ya paa ni ala tu kama ya jambia, ndani yake kuna mfupa. Maji yakaingia, nikishika pembe moja nisugue, ikanivukia mkononi kama soksi. Ya pili nayo ikatoka. Bi Zuwena alinitazama, nikamtazama. Tukazikausha, tukazipaka mafuta ya nazi zikang'aa, tukazifukiza udi, tukazirudishia juu ya mifupa yake na kuomba Mungu. Bwana Sefu alitoka msikitini, akasimama mbele ya pembe zile. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Zuwena, nani kamvalisha paa wangu makubadhi ya kulia mguu wa kushoto?" Tulicheka siku nzima. Akazibadilisha mwenyewe, zikakaa sawa, lakini harufu ya udi na nazi haikutoka.

Jumatano yake nilikwenda na Bi Zuwena katika soko la wanawake hapa Ibra. Aliyekuwa akituuzia ubani, mwanamke wa jangwani, alisema kuna watu wenye pikapu wanapita mahemani wakiuliza wapi paa wanazaa. Hawataki nyama, wanataka vitoto vizima, kuna matajiri nje ya nchi wanavitaka kwa bustani zao. Katika vitoto wanavyovibeba, alisema, vingi vinakufa kwa woga kabla ya kufika njia kuu. Bi Zuwena akauliza bei ya ubani. Nyumbani nikamsikia anayarudia maneno hayo kwa mumewe wakati anamtilia chai, katikati ya habari za bei na harusi. Bwana Sefu akanywa chai yake. Lakini kesho yake yeye na Hamdani walitoka na gari ya Hamdani, kumtafuta ngamia aliyepotea, walisema, na waliporudi jioni ngamia hawakumtaja wala sisi hatukumuuliza. Bwana Sefu alikula kidogo, akaniambia mchuzi mzuri mwanangu, akaenda kulala. Mie nilikuwa nahesabu kuwa Alhamisi ile itakuwa ya mwisho kuwa Alhamisi.

Shughuli ilifanywa Jumamosi katika uwanja wa skuli, hema kubwa kwa wanaume, na wanawake tukapewa darasa lenye madirisha yanayotazama hema. Nikakaa katika kidawati cha mtoto, magoti yamegota kwenye mbao. Babu yenu alikuwa ameomba ruhusa kazini, nilimwona amekaa nyuma ya baba yake, kanzu nyeupe niliyoipiga pasi mwenyewe, na jambia la babu yake kiunoni. Aligeuka mara moja kutazama madirisha. Hakuweza kuniona, lakini aligeuka.

Walipima kwa futi ya kitambaa, kama ya fundi wa nguo, na ofisa, kijana mpole kutoka Maskati, alikuwa anasoma kwa sauti. Zilipofika za Bwana Sefu mzee mmoja alizinusa, akasema huyu paa alikuwa anakwenda harusini. Hema zima likacheka, na mie nikataka kuingia chini ya dawati. Lakini futi ilipowekwa kicheko kilikatika. Ofisa alipima tena kwa kuhakikisha. Hakukuwa na nyingine zilizozikaribia. Bi Zuwena alinishika mkono chini ya baibui yake akaubana mpaka pete ikaniuma.

Bwana Sefu akasimama kutoa habari. Kiarabu chake cha kwao kilimrudia chote, na Bi Zuwena akawa ananifasiria kwa Kiswahili sikioni. Tulitoka hemani kwa Hamdani alfajiri. Naam, wakaitikia. Tukauvuka uwanda wa migunga tukiwa tumeuacha mlima mkono wa kulia. Naam. Tukalala kwenye mgunga uliopigwa na radi. Naam, naam, hata Hamdani aliitikia kwa nguvu. Asubuhi tukaona nyayo, dume peke yake, anatembea hana haraka. Hapo mie nikamwona Bwana Sefu anainua macho, anatazama nyuma ya hema. Huko walikuwa wamesimama vijana waliojitanda vilemba mpaka puani, na nyuma yao pikapu zao. Akayarudisha macho kwa ofisa. "Tukaingia wadi," akasema. "Nikampiga, akaanguka. Tukamla na majirani."

Hakuna aliyeitikia, maana wadi, haya mabonde ya mito mikavu, huku hazihesabiki. Ofisa akatabasamu, akauliza, wadi gani, baba? Bwana Sefu akasema, wadi ya mawe. Watu wakacheka. Ofisa akauliza tena, kwa adabu, akieleza kuwa bila ya jina habari haijatimia, na kila mtu anaona kuwa pembe zake ndizo. Bwana Sefu akachukua kikombe mbele yake, akanywa, akasema, "Kahawa yenu nzuri, mwanangu. Mungu ampe uzima aliyeipika."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, wadi ya sokoni Mutrah, na safari hii kicheko kilikuwa kibaya. Nikasikia Zinjibari, nikalisikia tena. Ofisa akamgeukia Hamdani, maana ilishasemwa kuwa walikuwa pamoja, akamwomba ashuhudie. Hamdani hakuwa tajiri. Naye ana watoto, na kumtaja paa yule mbele ya liwali kungempa sehemu ya heshima. Isitoshe, miaka yote ile alikuwa anasubiri kumwaibisha rafiki yake mbele ya watu, na hapa amepewa bure. Hamdani akajikung'uta vumbi, akasimama. "Mimi mtu mzima," akasema. "Nimesahau." Akakaa. Bi Zuwena alininong'oneza, "Muongo. Huyu hajasahau hata mbuzi aliyeibiwa babu yake." Na hapo ndipo na mimi nilipofahamu kuwa wamekubaliana, na kwamba Khalfani harudi.

Heshima alipewa mzee mmoja wa Mudhaibi, mtu mwema, pembe zake fupi na habari yake ndefu. Mwanawe ndiye aliyepata gari. Miaka mingi alikuwa anapita nayo mbele ya nyumba yetu, anapunga mkono, na mie nikipunga, kwa sababu kosa si lake.

Nyumbani hakuna aliyekula. Babu yenu alikuwa arudi Maskati siku ile ile. Nikamfungia chakula chake, na nilipomkabidhi nilimwambia, baba yako angeweza kusema jina moja tu. Akanitazama kama mtu anayepima maneno. Akasema, "Baba kanyamaza. Mie nitaulizaje?" Akaondoka. Mkunjo wa upande wake wa kitanda niliutandua usiku ule, kwa hasira, na kesho yake nikajuta kuwa nimeutandua.

Baada ya siku chache Bwana Sefu alimwambia Bi Zuwena atayarishe chai ya chupa na mkate wa kumimina, na mie nivae viatu vya kutembelea. Hamdani akatuchukua mpaka pahala, akasimamisha gari kwenye mawe, mbali, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Nikauliza kwa nini gari haisogei. Bwana Sefu akanionyesha chini. Huku, alisema, changarawe ikishakanyagwa na tairi mara moja, alama haifutiki mpaka ufe. Ofisa yule ana moyo mzuri, lakini angekuja na gari tatu na wapiga picha, na wale wa pikapu wasingehitaji kuuliza tena, wangefuata njia ya serikali. Tulipanda jabali, tukalala kifudifudi mie na mama mkwe wangu na mabaibui yetu kama kanga wawili, na chini kwenye wadi nikaona mawe. Nikatazama sana. Jiwe moja likapiga sikio. Walikuwa majike, na ubavuni mwao vitoto vya rangi ya mchanga, miguu kama njiti za kiberiti. Kimoja kilikuwa kinanyonya kinasukuma kwa kichwa, mama yake anatafuna na kutazama mbali, kama mwanamke yeyote mwenye mawazo yake.

Bwana Sefu akaninong'oneza, "Hawa ndio niliowapa mumeo, mwanangu. Nimekuleta uwaone, usije ukadhani nimempa mtu asiyekuwapo." Mnataka niseme nililia nikasamehe. Sikusamehe. Niliwatazama paa wale nikasema moyoni, basi nyinyi ndio mnaolala na mume wangu. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Chai niliinywa, ilikuwa na iliki nyingi, na kelele pekee ilikuwa ya Hamdani anatafuna mkate na Bwana Sefu anamwambia tafuna polepole, Bedui, unawatisha.

Babu yenu alikaa Maskati mpaka alipostaafu. Watoto wote nimewazaa katikati ya wiki, yeye hayupo. Bwana Sefu alikufa, Hamdani akafuata haraka kama aliyeitwa, na Bi Zuwena nilimwosha kwa mikono hii. Alipostaafu babu yenu tukapata kila siku kuwa Alhamisi, na nilikuwa mtu mzima kiasi cha kuona haya kwa furaha yangu. Anasimama mlangoni mwa jiko kutafuta maji. Kila mwaka baada ya mvua alikuwa akitoka alfajiri, anaiacha gari mbali, anarudi adhuhuri na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mie namtilia chai. Simuulizi, na yeye ananiambia neno moja tu, wapo. Mwaka huu mvua imenyesha na hakuna aliyerudi kuniambia. Nilikuwa nimelala macho wazi chini ya zile pembe nikilisubiri neno hilo, na nilifahamu kuwa nilikuwa nimeanza kuwapenda zamani sana, pengine kwenye jabali lile lile, na hasira ikanizuia kujua.

Eda ilipokwisha nilitoka nikaikuta majilisi ina rangi ya maziwa, na ukuta juu ya mlango umeachwa mtupu. Mjukuu wangu Muhannadi alikuwa na rafiki zake, simu mkononi. Akanibusu kichwa, shikamoo Bibi, marahaba. Akasema, "Bibi, hii pembe ya babu ametoa wapi? Tupe lokesheni, twende Ijumaa na gari, tupige video." Baba zake wakacheka, nao wakanigeukia, maana hawakuwahi kuambiwa. Rafiki zake walikuwa watoto wa watu wazuri, wamekaa kwa adabu. Nikawatazama mmoja mmoja.

Nikakaa mahali pa Bwana Sefu, nikamwambia Muhannadi alete ngazi. Nikawaambia wote, wanangu na wake zao na wajukuu, wanisikie vizuri maana sitarudia: "Pembe zirudi juu ya mlango leo hii, kabla ya magharibi. Zifutwe kwa kitambaa kikavu, maji yasiziguse. Na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akiuliza zimetoka wapi, mtilieni kahawa."